Pazo Isiyofungika: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kulazimisha Kipande

Katika mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, ambao wengi wetu tunauita pazo, tatizo huonekana mahali pamoja, ilhali kosa lenyewe limekaa mahali pengine. Pengo unaloliona leo kwenye pembe ya chini limetokana na kipande ulichokiweka juzi pembe ya juu, na vipande vinavyogoma kuingia jioni hii vilianza kuvimba tangu usiku wa mvua wa wiki iliyopita. Kwa sababu hiyo nimeandika mwongozo huu kwa kuanza na dalili, yaani kile ambacho mtu anakiona mezani, kisha kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Naishi Mwanza, upande wa Isamilo, katika nyumba iliyoegemea mwamba na yenye dirisha linalolitazama ziwa, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya matatizo yangu yameletwa na hewa, mwanga na wadudu wa huku, wala hayakuletwa na picha iliyo kwenye boksi.

Nitatumia maneno mawili niliyoyaazima kwa maseremala. Sehemu ya kipande inayochomoza nitaiita ulimi, na sehemu iliyoingia ndani ili kupokea ulimi wa jirani nitaiita tundu.

Fremu haifungi

Hii ndiyo dalili inayomkuta kwanza anayeanza, kwa kuwa wengi wetu hutenga vipande vyenye upande ulionyooka na kujenga ukingo kabla ya kuingia ndani ya picha. Umeunganisha pande tatu vizuri, unafika upande wa nne, na pembe ya mwisho inabaki na mwanya wa nusu kipande, au vipande viwili vinagongana na kukosa nafasi ya kukaa. Usisukume. Karatasi ngumu ikisukumwa huvunjika ulimi au hutanuka tundu, na baada ya hapo huwezi tena kujua kama kipande kilikuwa mahali pake au la.

Anza kwa kuhesabu. Isipokuwa zile zilizokatwa bila mpangilio kwa makusudi, pazo nyingi za dukani hukatwa kwa safu zilizonyooka, hivyo pande mbili zinazotazamana hazina budi kuwa na idadi sawa ya vipande. Idadi ya vipande vyote vya ukingo hupatikana kwa kujumlisha vipande vya urefu na vya upana, kuzidisha mara mbili, kisha kutoa vinne kwa sababu ya pembe zilizohesabiwa mara mbili. Pazo ya vipande 1,000 iliyokatwa kwa safu 25 za vipande 40 ina vipande 126 vya ukingo. Nyingine huandikwa 1,000 kwenye boksi lakini zimekatwa kwa safu 27 za vipande 38, ambavyo jumla yake ni 1,026, na vipande vya ukingo ni vilevile 126. Pazo ya 500 iliyokatwa kwa safu 19 za vipande 27 ina vipande 513, na ukingo wake ni vipande 88. Kwa hiyo kama umetenga vipande 125 kutoka pazo ya 1,000 na umeanza kuunganisha, unajua tangu mwanzo kwamba kimoja bado kimejificha.

Somo hili nililipata kwa shangazi yangu, ambaye alinikuta nimekesha siku mbili juu ya ukingo mmoja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Bado tu?"

"Bado, shangazi. Upande wa chini umegoma kabisa."

Hakugusa kipande hata kimoja. Alipitisha kidole juu ya ukingo akihesabu kwa sauti ya chini, kama anavyohesabu mishono anapofuma vitambaa vya makochi. Juu arobaini, chini arobaini. Kushoto ishirini na tano, kulia ishirini na nne. "Wa chini hauna shida, mwanangu," akasema. "Unaogoma ni wa kulia." Tulipochunguza tukakuta vipande viwili vya ukuta mweusi vimeshikana kama ndugu ilhali si majirani, na cha tatu, kilichopaswa kukaa katikati yao, kilikuwa bado ndani ya boksi, kimelala kifudifudi miongoni mwa vipande vya kati.

Ikiwa hesabu ya pande zote ni sawa na bado fremu haifungi, basi kuna vipande viwili vya ukingo vilivyobadilishana nafasi. Chukua rula ya sentimita 30, ilaze juu ya mstari wa nje, uisogeze kidogo kidogo. Mahali penye kosa ukingo huacha kunyooka, na utaona kipande kimoja kimechomoza au kimerudi ndani kwa kiasi cha unene wa ukucha. Anzia hapo kubomoa, hata kama ni mbali na lile pengo lililokusumbua.

Kipande kimeingia, lakini picha inakataa

Kipande kinaweza kuingia tundu lisilo lake na kukaa kwa utulivu kabisa. Chanzo cha jambo hili kimo katika namna pazo zinavyotengenezwa. Katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao mwembamba na kuikata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuzirudisha mahali pake, na kwa kuwa mkono wa mtu ndio uliokata kila mstari, hakukuwa na vipande viwili vilivyofanana. Pazo za leo za karatasi ngumu hukatwa kwa bamba lenye visu vyembamba vya chuma, ambalo hushindiliwa juu ya karatasi kwa mashine nzito na kutoa vipande vyote kwa pigo moja. Visu hivyo vimepindwa kwa mifano inayokaribiana sana, na ndiyo maana ndimi nyingi hulingana kwa upana na urefu. Isitoshe, bamba moja hutumika kukatia picha mbalimbali, hivyo kipande cha boksi moja kinaweza kukaa barabara ndani ya picha ya boksi jingine.

Mashaka yakikuingia, pitisha ukucha juu ya maungio. Pale ambapo kipande si chake, ukucha hukwama kidogo au husikia ngazi ndogo, kwa sababu kimoja kimepanda juu ya kingine. Kisha inua vipande hivyo viwili kwa kushika kimoja tu: vilivyo majirani wa kweli kwa kawaida huinuka pamoja, na visivyo majirani huachana au hulegea. Mwisho viweke mbele ya dirisha na utazame kama mwanga unapenya kwenye maungio. Mwanga mwembamba ulio sawa pande zote hauna neno, lakini mwanga mnene upande mmoja wa ulimi ni ushahidi wa kutosha. Mimi mwenyewe nimejiwekea sharti moja ambalo limeniokoa mara nyingi, kwamba kipande cha rangi moja hakijathibitika mpaka jirani wa tatu akubali. Wawili wanaweza kukubaliana kwa bahati. Watatu ni nadra sana.

Anga na maji havisogei

Umemaliza nyumba, watu na mitumbwi, na sasa umebaki na vipande mia mbili vya buluu. Siku tatu zimepita, na umeongeza vipande vinne. Wengi huiacha pazo hapa, na nasikitika kila ninapoona boksi lililoachwa katika hatua hii, kwa sababu chanzo chake mara nyingi ni kidogo kuliko mtu anavyodhani.

Chunguza kwanza taa. Taa yenye mwanga wa manjano humeza tofauti kati ya buluu, kijivu na kijani iliyofifia, na vipande ulivyoviona vinafanana usiku utavikuta vimegawanyika makundi matatu asubuhi. Tazama boksi la taa uliyonunua: kuna nambari yenye herufi K mwishoni. Taa ya 2,700K au 3,000K ni ya manjano na inafaa sebuleni kwa mazungumzo, ilhali ya 4,000K na kuendelea ni nyeupe na inafaa zaidi kwa kutofautisha rangi. Hata hivyo hakuna taa inayoshinda mwanga wa mchana unaoingia dirishani bila jua kupiga moja kwa moja. Kama vipande vina ng'aro inayokuumiza macho, usiongeze taa; isogeze iliyopo hadi imulike kwa ubavu, na ng'aro itaondoka machoni pako.

Ukishaona kwamba mwanga ni mzuri, chanzo kinachofuata ni kwamba unaendelea kutafuta kwa rangi wakati rangi imekwisha kutoa msaada wake. Hamia kwenye umbo. Kila kipande cha ndani kina pande nne, na kila upande ni ulimi au tundu, kwa hiyo aina zake ni sita tu: chenye ndimi nne, chenye ndimi tatu, chenye ndimi mbili zinazotazamana, chenye ndimi mbili zilizo jirani, chenye ulimi mmoja, na kisicho na ulimi. Panga vipande vyako vya buluu katika mafungu hayo sita juu ya sinia au vifuniko vya maboksi. Kisha tazama pengo unalotaka kuliziba, uone linadai umbo gani, na ujaribu vipande vya fungu hilo peke yake. Katika pazo nyingi fungu la ndimi mbili zinazotazamana huwa kubwa kuliko mengine yote, na hilo unaweza kuligawa tena kwa kutazama mabega ya kipande, yaani pande zilizo kushoto na kulia ya ulimi, kama yamenyooka au yameinama. Kazi hii inachosha kwa saa ya kwanza. Baada ya hapo vipande huanza kuingia kimoja baada ya kingine, na furaha yake ni kubwa kuliko ile ya kuunganisha uso wa mtu au mlango wa nyumba.

Jambo la tatu ni kusoma picha yenyewe kwa uangalifu zaidi. Mtu anayekaa kando ya ziwa ana faida hapa, akipenda kuitumia. Simama mahali unapoliona jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ndani ya ziwa karibu na ufuko wa Mwanza, wakati wa asubuhi utazame maji kwa dakika tano bila haraka. Karibu na jiwe maji ni ya kijani iliyokolea, mbele kidogo yanakuwa kijivu, na pale upepo unapopita pana mstari mweupe uliolala. Anga nayo hupauka kadiri inavyokaribia upeo wa macho na kukolea kadiri inavyopanda juu. Mpiga picha wa pazo yako, hata kama alisimama kwenye bandari ya Ulaya, alipiga maji na anga yenye tabia hizo hizo. Kwa hiyo usipange vipande vya maji kwa rangi tu. Vizungushe kwanza mpaka mikwaruzo ya mawimbi ilale sambamba na upeo, na utakuwa umejua kila kipande kinatazama wapi, hata kama hujajua kinakaa wapi.

Vipande vimevimba, vimepinda au vimeachana tabaka

Pazo iliyounganika kirahisi mwezi wa Julai inaweza kugoma mwezi wa Aprili, na mwenye nayo akadhani kwamba vipande vimeharibiwa na watoto. Karatasi ngumu ni tabaka za nyuzi zilizogandamizwa, na nyuzi hizo hufyonza maji kutoka hewani bila kuguswa na tone. Sisi wa kandokando ya ziwa tunapata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na katika miezi hiyo boksi lililowekwa juu ya sakafu ya saruji, likaegemezwa ukuta wa nje, hunywa unyevu usiku na mchana. Nyumba za vilimani zina tatizo la ziada, maana maji ya mvua huteremka nyuma ya mwamba na kulowesha ukuta kwa ndani, hata pale ambapo rangi haijabanduka. Weka kiganja chako juu ya ukuta ulio nyuma ya kabati la pazo. Ukiusikia wa baridi kuliko kuta nyingine za chumba, umeshapata chanzo.

Mkunjo wa kipande husema mengi. Uso wenye picha umepakwa utando unaozuia maji kidogo, ila mgongo hauna kinga, hivyo unyevu huingia kwa nyuma, mgongo hutanuka, na kingo za kipande huinuka kuelekea kwenye picha kama sahani. Kipande kikitutumka katikati na kingo zake kuinama chini, mara nyingi ni kwa sababu mtu alikianika juani, mgongo ukakauka na kusinyaa upesi kuliko uso. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vipande vyenye unyevu visianikwe juani wala visipigwe pasi. Jua la hapa hukausha haraka na hufifisha rangi, na pasi huyeyusha utando wa uso. Vitandaze kwenye chumba kikavu, juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, vifunike kwa karatasi nyingine, laza ubao juu yake, kisha weka vitabu vizito kwa siku mbili. Magazeti hayafai, kwa sababu wino wake huhamia kwenye kipande.

Tabaka zikiachana kwenye ncha ya ulimi, chovya njiti ya kuchokolea meno kwenye gundi nyeupe ya mbao, ipitishe katikati ya tabaka kwa kiasi kidogo sana, bana kwa vidole, futa inayotokeza, na weka kipande chini ya kitabu mpaka kesho yake. Gundi nyingi ni mbaya kuliko kutotia kabisa, kwa kuwa huongeza unene na kipande kitakataa kuingia.

Kwa hifadhi, chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana kinafaa kuliko boksi la asili, mradi vipande viwe vimekauka kwanza. Kufungia unyevu ndani ya chombo ni kukaribisha ukungu. Vile vipakiti vyenye chembe za kufyonza unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, visitupwe. Viwili au vitatu vinatosha chombo kimoja, navyo vinahitaji kubadilishwa kila baada ya muda kwa kuwa hushiba. Ukisikia harufu ya ukungu, toa vipande vyote, vifute kwa kitambaa kikavu na uvipungishe hewa kivulini. Vyenye madoa meusi yaliyopenya hadi ndani usivirudishe pamoja na vingine.

Uso wa picha una madoa madogo meusi yanayopakaza

Wageni wa Mwanza hushangaa, lakini sisi tumewazoea wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi na kuingia nyumbani jioni wakifuata taa. Hawaumi. Wanapokufa juu ya pazo hubaki wamebandika, na kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuwafuta hapo hapo kwa kitambaa kibichi, jambo linalowaponda na kuacha mstari wa kijivu uliotiwa unyevu ndani ya karatasi. Waache wakauke usiku kucha, kisha asubuhi wapeperushe kwa brashi laini ya rangi au unyoya wa kuku. Kuna aina ambayo hutoka majini kwa wingi zaidi siku zinazozunguka mwezi mwandamo, kwa hiyo siku hizo funga madirisha kabla ya giza, zima taa ya barazani au, ukiwa huna wavu mzuri, funika pazo kwa shuka jua linapozama na ufanye kazi yako mchana.

Mchwa na mende ni habari nyingine. Mchwa hula karatasi ngumu, na mende hufuata gundi iliyo kati ya tabaka. Ukikuta unga wa udongo chini ya boksi, au kingo zilizotafunwa kama meno ya msumeno, hamisha pazo zote kwenye rafu isiyogusana na ukuta siku hiyo hiyo.

Meza inatakiwa kwa chakula

Pazo ya vipande 1,000 huwa na ukubwa unaokaribia sentimita 70 kwa 50, na ni familia chache zenye meza ya akiba. Dalili yake ni picha inayovunjika vipande vinne kila inapohamishwa, au pazo iliyokunjwa ndani ya blanketi na kukutwa kesho yake imerudi kuwa rundo. Chanzo ni kwamba pazo haina sakafu yake yenyewe. Dawa ni ubao wa sentimita 80 kwa 60, ambao unaacha nafasi ya vipande vilivyo huru kuzunguka picha. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122, inatoa mbao sita za kipimo hicho na kubakiza ukanda mwembamba tu kwa ajili ya njia ya msumeno, hivyo majirani au ndugu sita wanaweza kuchangia karatasi moja na kumpa fundi kazi ya kukata. Milimita sita za unene zinatosha. Ya milimita tatu hupinda katikati inapobebwa, na maungio hufunguka. Piga msasa kingo, tandika kitambaa kisichoteleza, na ubao utaingia chini ya kitanda kabla sahani hazijafika mezani.

Rundo moja lina picha mbili

Pazo nyingi zinazotufikia ni za mitumba, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko bila boksi. Ikiwa umepata pembe tano au zaidi, una pazo mbili. Vigeuze vipande vyote mgongo juu. Rangi ya mgongo hutofautiana, kwani baadhi ni kijivu, nyingine nyeupe, nyingine zina buluu kidogo, na unene hujulikana ukipanga vipande kumi kumi kwa wima na kulinganisha marundo. Mara baada ya kutenganisha, andika herufi ndogo kwa penseli mgongoni mwa kila kipande. Ni kazi ya jioni moja, na haitarudiwa.

Hamu imekwisha

Mara nyingi chanzo ni idadi. Aliyeanza na vipande 1,000 kwa sababu boksi lilikuwa zuri angefurahi zaidi na 300 au 500, zenye rangi nyingi na mistari mingi. Lakini kabla ya kulaumu idadi, chunguza mwili: anayeinamia meza fupi huchoka mgongo, na anayehitaji miwani ya kusomea huchoka macho, na wote wawili husema pazo inaboa.

Kipande kimepotea

Hesabu kwanza kama kweli kimepotea, kwa maana mapengo mawili na kipande kimoja mkononi humaanisha kwamba kimoja tu ndicho hakipo. Kisha tafuta kwa mpangilio. Anza chini ya pazo yenyewe, kwenye pembe za boksi na kifuniko, na kwenye mkono wako, kwa sababu siku za joto kipande hubandika kwenye jasho la kiwiko na kusafiri hadi jikoni. Kung'uta kanga na vitenge vya waliokaa mezani, inua matakia ya makochi, tazama kizoleo cha taka na ufagio, ambao nyuzi zake hukishika kipande vizuri sana. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, zuia vipande vyote visimfikie tangu mwanzo, kwa kuwa vinaweza kumkaba.

Kikikosekana baada ya wiki moja, kitengeneze. Maliza picha yote ili pengo lizungukwe na majirani wake wote. Laza karatasi nyembamba juu ya pengo, ishike isisogee, na pitisha penseli kwa ubavu, taratibu, mpaka umbo litokeze kama kivuli chenye mpaka mweusi. Bandika karatasi hiyo juu ya karatasi ngumu yenye unene uleule. Majalada ya madaftari ni membamba, hivyo unganisha mawili kwa gundi nyeupe na uyagandamize mpaka yakauke. Kata kwa wembe mpya ukifuata upande wa ndani wa mstari, ukiacha ndimi kwa mwisho, na jaribu kukiingiza kutoka juu bila kusukuma. Kikibana, punguza kwa msasa laini mahali pale tu panapogusa. Rangi ya maji au penseli za rangi zinatosha kwa uso. Tazama rangi za majirani wanne mchana, dirishani, na anza na iliyofifia kabla ya kukoleza.

Cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa cha anga, na kinaonekana wazi kwa anayejua pa kutazama, kwa sababu hakina ng'aro. Nyuma yake nimeandika tarehe kwa penseli. Na ndani ya kifuniko cha kila pazo ninayoifungua sasa kuna mstari mmoja unaomsaidia atakayeazima baada yangu: vipande 1,026, kimoja ni cha kutengeneza, safu ya tatu kutoka juu, cha tisa kutoka kushoto.